Dawa Inayomdanganya Kiwavi

Leo naweka kando simu na Linux. Nataka kuwaeleza kuhusu dawa ya shambani inayofanya kazi kama programu inayotuma ujumbe wa uongo kwenye mfumo.

Viwavijeshi vamizi waliingia Kenya mwaka 2017, asili yao ikiwa Amerika. Kwetu Mbololo, karibu na Voi, kila anayelima mahindi anawajua. Msimu wa vuli uliopita mama alinunua dawa mjini Voi, akapiga shamba lote. Siku ya pili akanipigia simu: "Mwanangu, nimeuziwa maji. Wadudu bado wako hai." Alitaka kutoa pesa za karo ya mdogo wangu anunue dawa kali zaidi. Nikamwambia, "Mama, ngoja kwanza, nitumie picha ya chupa." Kwenye lebo kulikuwa na jina methoksifenozaidi. Nikaanza kusoma.

Kiwavi hawezi kukua bila kujivua ngozi. Huyu wa mahindi kwa kawaida hupitia hatua sita kabla ya kuwa pupa. Anayetoa amri ni homoni iitwayo ekdisoni. Mwaka 1954 Butenandt na Karlson, Wajerumani wawili, walipata miligramu 25 tu za homoni hiyo kutoka kwa kilo 500 hivi za pupa wa nondo wa hariri!

Ndani ya seli kuna protini mbili zilizoshikana, EcR na USP. Hizi ndizo kipokezi, kama ile fankisheni inayokaa kimya ikisubiri tukio. Zinaikamata DNA mahali maalumu, penye herufi zinazokaribiana na AGGTCA, kisha herufi moja, kisha TGACCT. Soma uzi wa pili wa DNA kwa mwelekeo wake, utakuta mpangilio uleule. Homoni isipokuwepo, kipokezi huzima jeni za jirani. Ikifika, kinabadilika umbo, kinaita protini nyingine, na jeni zinawaka.

Kuna sharti la pili. Miaka ya 1930 Mwingereza Vincent Wigglesworth alionyesha kwamba kuna homoni ya ujana. Ikiwepo, kiwavi anajivua na kuwa kiwavi mkubwa zaidi. Ikitoweka, anakuwa pupa. DNA ni ileile, matokeo tofauti. (Thomas Odhiambo, Mkenya aliyeanzisha icipe jijini Nairobi mwaka 1970, alisoma kwa Wigglesworth huyohuyo kule Cambridge.)

Sasa ujanja wa dawa. Methoksifenozaidi inaingia kwenye kipokezi cha viwavi wa nondo na vipepeo kana kwamba ni ekdisoni. Kiwavi anaanza kujivua kabla ya wakati. Ekdisoni ya kweli hupanda kisha hushuka, na kule kushuka ndiko kunakoruhusu kazi imalizike. Dawa haishuki. Kiwavi anaacha kula ndani ya saa chache, anakwama katikati ya ngozi mbili, na anakufa baada ya siku kadhaa.

Kwa hiyo nilimwambia mama asiangalie kama kiwavi anatembea, aangalie kama kuna kinyesi kibichi kwenye moyo wa mhindi. Hakikuwepo kwenye mimea mingi. Siku ya tano alikuta viwavi wameshakauka. Mistari miwili iliharibika, kwa sababu viwavi wakubwa walikuwa wamejificha ndani kabisa wasikofikiwa na dawa. Lakini karo ililipwa.

Ukitaka kuitumia, kumbuka mambo matatu:

1. Lazima kiwavi aile. Piga mapema, viwavi wakiwa wadogo, na ulenge moyo wa mmea.

2. Binadamu hatuna kipokezi cha ekdisoni, lakini hiyo si ruhusa ya kupiga dawa mikono mitupu. Fuata lebo.

3. Dawa za aina hii ni kundi namba 18. Usirudie kundi hilohilo kila mara. Kiwavi mmoja mwenye kinga akibaki, ndiye atakayezaa kizazi kijacho.

Mwenye agroveti angemwambia mama sentensi moja tu, "itachukua siku kadhaa," asingekosa usingizi. Basi mwambieni jirani.