Kumtega Fisi Maji

Wasomaji wetu kadhaa wakaao karibu na mito ya Ileje na Momba wametuuliza habari za fisi maji: hutegwaje, na je, yafaa kumtega? Twaandika tuliyoyaona kwa macho pamoja na tuliyoyasoma, kwa kuwa jambo hili limekwisha kuleta ugomvi katika nyumba zaidi ya moja.

Kwanza, jina lisiwapoteze. Fisi maji si fisi hata kidogo; ukoo wake ni mmoja na nyegere. Katika nchi yetu wako wa namna mbili. Wa kwanza ni mkubwa, uzito wake hupata kilo 10 hata 18, na pengine huzidi. Koo lake ni jeupe, na vidole vya miguu yake ya mbele havina makucha. Nyayo zake matopeni hufanana na kiganja cha mtoto, hata watu wengine huziogopa wakidhani ni mambo ya uchawi. Huyu hupapasa chini ya mawe akitafuta kaa, ndio chakula chake hasa. Wa pili ni mdogo, kilo 3 hata 6, mwenye madoa meupe kooni, na makucha, na ngozi katikati ya vidole kama bata. Yeye huishi kwa samaki wadogo, naye huwawinda kwa macho, ndiyo sababu hupenda maji maangavu.

Mkoa wetu wa Songwe, uliotengwa na Mbeya mwaka 2016, una mito miwili yenye jina hilo hilo. Mmoja washuka mpaka Ziwa Nyasa, nao ni mpaka wetu na Malawi. Wa pili waelekea kaskazini mpaka Ziwa Rukwa. Tunayoyasimulia hapa ni ya vijito vya Ileje viingiavyo katika ule wa kwanza.

Wategaji wa huko hutazama ukingo kuliko maji. Fisi maji ana desturi ya kutoka mtoni mahali pale pale, majani yakalala, ikawa njia. Tena huenda haja mahali pamoja, juu ya jiwe au kichuguu, na mavi yake yamejaa magamba ya kaa au miiba ya samaki. Mtegaji akiisha kuona hayo, hutafuta mahali njia inapobanwa na matete, akaning'iniza tanzi la waya lililofungwa kwenye mti mdogo uliopindwa. Wengine hutia samaki ndani ya mgono, wakauzamisha wote. Fisi maji huingia kwa ulafi, wala hawezi kugeuka kwa sababu ya vijiti vya mdomoni vielekeavyo ndani. Naye hupumua hewa kama sisi, hakai chini ya maji ila kitambo kidogo, basi hufa. Na mara nyingi hakuna aliyemkusudia: mvuvi ameuweka mgono kwa ajili ya kambale, asubuhi akauona umepasuka, au akamkuta mnyama amekufa ndani. Mtego wa chuma wenye meno tumeuona mara moja tu. Ulitegwa karibu na kisima, ukamshika mbwa wa jirani, na wazee wakaamuru utupwe. Walifanya vema, kwa maana watoto wateka maji walipita hapo kila alfajiri.

Sasa shauri lenyewe. Mama mmoja mjane wa kijijini petu alichimba bwawa, akatia perege, kusudi apate ada na sare za wajukuu wake. Katika majuma machache samaki wakapungua, na vichwa vikaonekana ukingoni. Mjukuu wake mkubwa akaleta waya. Sisi tukamwomba asubiri, na yule mama akatukabili hivi: "Mwalimu, mwaniambia nimhurumie mnyama. Je, yeye amewahurumia perege wangu?" Neno hilo hatukulidharau. Hasara yake ilikuwa kweli, na mtu asiyechimba bwawa kwa mikono yake ni rahisi kwake kusifu wanyama.

Tukaenda naye kutazama. Kenge naye hula samaki, lakini huacha mstari wa mkia. Korongo hula mchana, nyayo zake zina vidole vyembamba. Pale tulikuta kiganja kile cha mtoto, kikitoka mferejini na kurudi mferejini. Mwizi alikuwa fisi maji kweli. Hata hivyo mavi yake juu ya jiwe la mtoni yalikuwa karibu yote magamba ya kaa. Bwawani alikuja kwa sababu mlango ulikuwa wazi.

Kijana hakusubiri. Usiku wa tatu tanzi lilinasa fisi maji jike, na maziwa yake yalikuwa yamejaa. Siku mbili tulisikia milio myembamba katika matete, kisha ikanyamaza. Mwezi haukwisha, perege wakaanza tena kupungua, na nyayo zilikuwa kubwa kuliko za kwanza. Hilo ndilo wategaji wengi hawalifikiri: mto ukiwa na kaa na bwawa likiwa wazi, aliyekufa hupata mrithi.

Tena iko sheria. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, yakataza kuwinda au kunasa mnyamapori pasipo kibali. Mwenye kusumbuliwa apeleke habari kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Ngozi nayo haiuzwi nje kiholela, maana fisi maji wote wamo katika mkataba wa CITES wa mwaka 1973. Huko Marekani, katika jimbo la Missouri, fisi maji walikuwa karibu wamekwisha kwa kutegwa. Kati ya mwaka 1982 na 1992 serikali ya jimbo ilileta zaidi ya 800, wengi wao walionaswa hai Louisiana kwa mitego ile ile ya chuma, ikawafungulia mitoni. Wakazaana hata wenye mabwawa wakalalamika, na mwaka 1996 ukafunguliwa msimu wa kuwatega kwa leseni. Hivyo hatusemi kwamba mtego ni dhambi kila mahali; twasema ni kazi ya vibali na hesabu, si ya waya wa usiku.

Yule mama tulimsaidia kujenga ua wa mianzi, iliyosukwa karibu karibu na kuchimbiwa chini kadiri ya mkono mmoja, kwa maana mnyama huyu hujua kufukua. Penye mfereji, maji yaingiapo na yatokapo, tulitia fito imara zisizopisha ngumi. Ndani ya bwawa tukatupa matawi yaliyofungwa mafungu, perege wapate pa kujificha. Mchwa waliila mianzi katika masika ya pili, ikabidi kujenga tena. Kazi hii haina mwisho, mjue hivyo kabla ya kuanza. Lakini mwaka ule aliuza samaki, na ada ililipwa.

Kwa wenye migono, huko Uingereza wavuvi wa mikunga huweka kizuizi mdomoni mwa mtego, tundu lake lisizidi milimita 85. Fisi maji wetu mwenye madoa ni mdogo kuliko wa kwao, basi tundu lipunguzwe. Kambale mkubwa atabaki nje, hatuwafichi. Lakini mgono hautapasuliwa.

Tena wenye mashamba ya ukingoni wakumbuke Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, iachayo meta 60 kando ya mto bila kulimwa. Udongo ukimwagika maji huwa matope, na yule mdogo awindaye kwa macho hukosa chakula. Hapo mabwawa yetu yatakuwa ndiyo maji maangavu yaliyobaki.

Mjukuu yule sasa husuka vizuizi vya mianzi, na wavuvi wa vijiji viwili humwagiza. Waya wake ameufanya kamba ya kuanikia nguo.