Masikio Yanayobaki Kiwandani



Msimu wa kahawa ufikapo, mitambo ya kukobolea hunguruma Bukoba na Muleba, na wengi wenu hupata humo kibarua cha kuwalishia watoto. Twamshukuru Mungu kwa kazi hiyo. Lakini sisi tunaoketi kitubioni tumeona jambo ambalo wenye viwanda hawalioni. Mzee aliyesimama kando ya mashine miaka mingi haungami kwa kunong'ona. Hupaza sauti, maana hajisikii vema, na walio kwenye foleni husikia dhambi zake zote. Baadaye haji tena. Watu husema amepoa katika imani. La, ameona haya.

Uziwi huu hauumi wala hautoi usaha. Ndani kabisa ya sikio mna chembe hai zenye vinyweleo vidogo mno vinavyopokea sauti. Kelele za muda mrefu huziua, nazo hazioti tena. Sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea. Hivyo mzee husikia kwamba mjukuu anasema, ila hajui kama amesema "fika" au "shika", na nyumbani huitwa mkaidi! Wataalamu wengi huweka mpaka kwenye desibeli 85 kwa saa 8. Zikiongezeka 3 tu, muda huo hupungua kwa nusu. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi katika viwanda vya chuma nchini mwetu: wafanyakazi 48 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa kusikia, ilhali kwa walimu waliolinganishwa nao walikuwa 31.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yaagiza mfanyakazi apimwe afya kabla ya kuanza kazi, na tena akiwa kazini. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Lakini asiyepimwa mwanzoni atathibitishaje kwamba aliingia akiwa mzima? Hapo ndipo kibarua wa msimu hupotelea: mwaka huu yumo Bukoba, mwakani Kamachumu, na kila tajiri husema alikuja hivyo hivyo.

Kwa wazee wetu hao tumetenga sakristia kila Jumamosi alasiri, mlango ukiwa umefungwa, waungame kwa sauti waipendayo. Nanyi vijana mnaokwenda kuandikishwa, ombeni kupimwa masikio kwanza, na nakala ya majibu muitunze pamoja na cheti cha ubatizo.