Usafi wa Mji na Hiari ya Raia

Katika miaka ya hamsini, Wabelgiji walipokuwa bado wanaitawala nchi yetu ya Kongo, usafi katika vilima vya Butembo na Beni ulikuwa jambo la sheria kabla ya kuwa jambo la maarifa, kwa kuwa amri ya tarehe 5 Desemba 1933, iliyopanga utawala wa machifu, iliwatwika wao wajibu wa kusimamia afya ya vijiji vyao, na mwenye kuasi alitozwa faini au alitiwa kifungoni.

Namkumbuka mkaguzi akiingia uani kwetu pamoja na kapita, msimamizi wa kijiji, aliyebeba daftari. Aliteremsha fimbo katika shimo la choo kupima kina chake, akatazama kama kifuniko cha mbao kipo, kisha akauliza majivu yalimwagwa lini. Na mama yangu, aliyekwisha kuyamwaga tangu alfajiri, alijibu kwa adabu huku ameinamisha kichwa. Choo kile kilikuwa safi kupita vyumba vyetu, kwa sababu aghalabu hakuna aliyekitumia. Wazee walisema ni cha Bulamatari, yaani cha serikali ya kikoloni, si chetu, nao wakaendelea kwenda migombani kama walivyozoea.

Walakini si kila amri ilipokewa hivyo. Upande wa Ziwa Edward tauni ilikuwa imegunduliwa tangu mwaka 1938, na Kongo yetu ndiyo ilikuwa makazi ya René Devignat, mtaalamu aliyeandika mwaka 1951 kwamba vijidudu vya maradhi hayo viko vya namna tatu. Hayo sisi hatukuyajua. Tulichokijua ni kwamba siku moja muuguzi, mtu wa lugha yetu, aliketi barazani kwa bibi yangu, akamweleza taratibu jinsi kiroboto anavyomwacha panya aliyekufa na kumrukia mtu aliyelala karibu naye. Bibi hakungoja kapita. Jioni ile ile aliyahamisha mahindi yote kutoka ndani ya nyumba, na mwezi haukuisha kabla hajajengewa ghala juu ya nguzo, mbali na kitanda chake. Kadhalika zile chemchemi za vijijini zilizojengewa kwa fedha za Mfuko wa Ustawi wa Wenyeji, ulioundwa mwaka 1947, hazikuhitaji askari wa kuzilinda, maana faida yake kila mama aliiona ndani ya mtungi.

Uhuru ulipofika mwaka 1960, na fitina na vita vikafuata, daftari la kapita lilitoweka, na vyoo vingi vilivyochimbwa kwa hofu vikafukiwa na mvua. Baadaye Rais Mobutu alileta salongo, kazi ya lazima ya pamoja, tukafyeka nyasi na kuzibua mifereji kwa amri nyingine. Nayo ikadhoofu pamoja na serikali iliyoitoa. Butembo na Beni zilipopewa hadhi ya mji mwaka 2003, watu walikuwa wamekwisha kujaa mabondeni, nyumba juu ya nyumba, na wengi bado wanateka maji ya chemchemi.

Ndipo mwezi wa Agosti 2018 Ebola ilipotangazwa huko Mangina, karibu na Beni. Timu za tiba zilikuja na magari mengi, pengine zikisindikizwa na watu wenye bunduki, na raia waliokwisha kuonja mauaji ya miaka mingi bila kupata mlinzi waliuliza kwa nini leo wanahurumiwa. Vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, na tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko kutoka Kameruni aliuawa Butembo akiwa kazini, dhuluma ambayo mpaka leo inatuumiza. Maradhi yale yalipokwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamefariki.

Lakini watu zaidi ya 300,000 walichanjwa, na wengi walikubali baada ya kusikia habari kwa jirani, kwa padre, kwa mchungaji au kwa mama wa sokoni. Huko Beni wagonjwa wengine waliwekwa katika vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, ili ndugu wasimame nje, wamwone mgonjwa wao na kusema naye. Mtu aliyeona kwa macho yake hakuhitaji kusukumwa.

Kwa hiyo nawaomba meya na wakuu wa komuni zetu, wanapopanga mifereji, majaa na visima, watangulize maelezo kabla ya faini, na wawatume watu wanaoaminiwa mtaani. Raia wetu hawajapata kuukataa usafi. Walichokikataa ni kuamrishwa bila kuambiwa sababu.