Umeme wa Corolla ya Mwalimu

Jumatatu, 11 Machi 2024

Nimemaliza kung'oa nyaya zote za Corolla ya Mwalimu. Mafuriko ya Nzoia yalishalifikia gari hili kule Budalangi, na shaba imegeuka kijani hadi ndani ya plastiki. Injini ya 4A-GE yenyewe ni nzima. Kompyuta ya kiwandani imeoza, kwa hiyo Mwalimu amenunua MegaSquirt, ile iliyobuniwa na Bruce Bowling na Al Grippo wa Marekani ili fundi wa kawaida aweze kujiundia kompyuta ya injini. Nimefurahi sana kuishika hapa Port Victoria.

"Fundi, itaongeza nguvu?" Mwalimu aliniuliza.

"Mwalimu, kwanza tuipe umeme safi. Nguvu tutaizungumza baadaye."

Jumanne, 12 Machi

Waya mnene umetoka betri, fyuzi ikawekwa karibu kabisa na betri, kisha mguu wa 30 wa relei kuu. Umeme unatokea 87 kwenda kwenye kompyuta. Mguu wa 86 unangoja swichi, 85 unashuka ethi. Relei hii ina diodi ndani, kwa hiyo 85 na 86 hazibadilishani nafasi. Injekta zina fyuzi yao. Pampu ya petroli ina relei yake, inayowashwa na kompyuta yenyewe: injini ikizima ghafla barabarani, pampu nayo inanyamaza.

Kijana anayenisaidia alitaka tuchukue umeme wa swichi kwenye waya wa redio, kwa kuwa uko karibu. Nikampa mita, nikapiga stata.

"Mzee, imeenda sifuri!"

Ndivyo ilivyo. Stata ikizunguka, redio hukatiwa umeme. Kompyuta iliyofungwa hapo hufa wakati uleule injini inapoihitaji. Tulitafuta waya unaobaki hai ufunguo ukiwa kwenye stata. Betri ilishuka hadi volti 10.1 na waya ule ukabaki na umeme wake.

Alhamisi, 14 Machi

Leo ethi tu, kutwa nzima, na sijutii hata saa moja. Huku kwetu wengi hufunga ethi kwenye bati lililo karibu, chini ya skrubu yoyote. Magari ya ufuoni yana kutu chini ya rangi. Umeme wa injekta na koili ukirudi kupitia bati hilo, sehemu ya volti inabaki njiani. Sasa sensa ya joto la maji, ambayo husomwa kati ya volti 0 na 5, ikiwa na ethi palepale, volti inayosomwa inapanda, na kwa sensa hii volti ya juu maana yake ni baridi. Kompyuta inaona injini ni baridi, inamwaga petroli, plagi zinakuwa nyeusi. Mwenye gari anarudi kulalamika kwamba kompyuta ni mbovu! Nimeona watu wakitupa vifaa vya pesa nyingi kwa sababu ya boliti moja.

Ethi za kompyuta nimezikusanya zote kwenye boliti moja ya injini, chuma kikiwa kimekwanguliwa hadi kung'aa. Lagi nimezibana kwa koleo. Sikuzichoma kwa risasi, maana waya ulionyonya risasi hukakamaa na kukatika pale risasi inapoishia, gari likitikisika. Ethi za sensa zinarudi kwenye kompyuta peke yake. Haziguswi na bodi.

Jumamosi, 16 Machi

Imewaka. Alteneta inatoa volti 14.1. Nikawasha taa na feni, nikaweka mita kati ya ethi ya kompyuta na hasi ya betri: volti 0.04. Mwalimu alitaka kusikia mlio tu, lakini nilimwonyesha namba hiyo kwanza.

Kulikuwa na jambo moja. Ufunguo ukizimwa, injini iliendelea kidogo. Feni, ambayo fundi wa zamani aliifunga moja kwa moja kwenye waya wa swichi, ilikuwa bado inazunguka na kurudisha umeme hadi relei kuu. Nimeipa relei yake na waya wake kutoka betri. Sasa injini inazima papo hapo.

Jumatatu tunaanza kupanga petroli na muda wa cheche.