Kompyuta Ndani ya Kompyuta

Wenzangu wengi wakisikia neno "mashine pepe" hudhani nataja pepo. Sivyo. Mashine pepe ni kompyuta isiyo na bati wala nyaya zake yenyewe. Ni kazi ya programu tu, nayo hujiona kuwa kompyuta kamili yenye diski na kumbukumbu, kumbe vyote hivyo imeazimwa na kompyuta ya kweli. Programu inayogawa vitu hivyo nitaiita msimamizi. Mambo hayo si mageni. Ninalotaka kusimulia limesogea mbele kidogo, nalo ni kumweka msimamizi wa pili ndani ya mashine pepe, ili naye apate mashine pepe zake.

Rafiki yangu mmoja wa bweni aliniuliza, "Moja haikutoshi, bwana, hata utake na mjukuu?" Swali lake ni la haki, na jibu lake ni la zamani. Kabla ya mwaka 1972 wahandisi wa IBM huko Cambridge, Massachusetts, walikuwa wakitengeneza programu kwa ajili ya mashine mpya za System/370 zenye kumbukumbu pepe, nazo zilikuwa hazijatoka. Basi waliiga mashine hiyo isiyokuwapo kwa programu, juu ya mashine ya zamani waliyokuwa nayo. Tena mashine hiyo ya zamani ilitumiwa pia na wanafunzi wa vyuo vya jirani, na habari ya ile mpya ilikuwa siri. Kwa hiyo wakaongeza tabaka jingine, wakaificha kazi yao ndani ya mashine pepe. Nilifurahi sana kuyasoma hayo; ni mara chache udadisi wa wanafunzi kusababisha jambo la maana.

Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliandika masharti ambayo kompyuta ikiyatimiza yaweza kubeba mfano wake yenyewe, tabaka ndani ya tabaka. Prosesa za Intel zilizoenea katika kompyuta za mezani hazikuyatimiza kwa miaka mingi, na zilipoongezewa uwezo wa kubeba mashine pepe mwaka 2005, uwezo huo ulikuwa wa tabaka moja tu.

Hapo ndipo penye utamu. Mwaka 2010 watafiti wa IBM wa Haifa, Israeli, walitoa taarifa ya kazi waliyoiita Turtles, yaani kobe, kwa ajili ya mzaha wa zamani kwamba dunia imekaa juu ya kobe, naye kobe juu ya kobe mwingine, hivyo hivyo hata chini kabisa. Taabu waliyoikuta naweza kuieleza kwa mambo ya bwenini. Tuseme mtoto wa kidato cha kwanza ataka ruhusa, na sheria yasema kila ombi lifike kwa Mkuu wa Shule mwenyewe. Mkuu asema, "Hili ni la kiranja wako," alirudisha kwa kiranja. Kiranja ataka kusoma daftari la majina: hana budi kwenda kwa Mkuu. Ataka kuandika neno moja: aende tena. Ombi dogo limezaa safari nyingi, na jua limekuchwa. Mkuu ni msimamizi wa kwanza, kiranja ni yule wa pili, na mtoto ni mashine pepe ya ndani kabisa. Prosesa haimjui kiranja. Yamjua Mkuu tu.

Watafiti hawakumhimiza Mkuu akimbie, bali walipunguza safari. Ramani mbili za kumbukumbu walizikunja zikawa moja, na mashine ya ndani wakaipa kadi ya mtandao iishike yenyewe. Kwa kazi za kawaida ikawa nyuma ya mashine pepe ya tabaka moja kwa asilimia 6 hadi 8 tu. Mwaka 2013 Intel nao wakaweka ndani ya prosesa njia ya kiranja kusoma na kuandika daftari lake pasipo kwenda ofisini.

Nimeyajaribu haya kwa idhini ya mwalimu, Jumamosi tatu, katika kompyuta moja ya maabara, kwa Linux na KVM yake. Kutafuta namba tasa kulikwenda karibu sawa katika matabaka yote. Kunakili mafaili mengi madogo ndiko kulikokawia tabaka la ndani, maana hesabu tupu haiombi ruhusa kwa mtu, na diski huomba kila mara.

Faida yake kwetu ni hii. Kompyuta inayotunza alama za shule ni moja, na mwanafunzi haruhusiwi kuigusa, kwa kuwa ikiharibika sote tumekwama. Lakini nani atajifunza usimamizi bila kuharibu kitu? Mwalimu akishika tabaka la kwanza, kila mmoja wetu aweza kuwa msimamizi katika tabaka la pili. Huko ndani nimefuta diski nzima kwa makusudi, mara nne, na kompyuta ya kweli haikutikisika. Mtihani wetu ni Novemba, nami nitaondoka. Vijana wawili wa kidato cha tatu wamekwisha kujua kuanzisha tabaka la pili, na sasa wanabishana juu ya la tatu.