Ugonjwa wa Pili wa Baba

Mwanzoni mwa mwaka 2024 wenzangu wengi waliniuliza kwa nini nilichelewa kurudi shuleni majuma matatu, nami niliwajibu kwa maneno machache tu, "Baba alikuwa mgonjwa." Jibu hilo lilikuwa la kweli, lakini halikutimia. Baba aliugua mara mbili, na ugonjwa wa pili, ambao hakutoka nao nyumbani, ndio uliokaribia kumchukua.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa wa kidole tumbo. Siku tatu kabla ya mwaka 2023 kwisha alishikwa na maumivu ya tumbo, akasema ni chango tu, akaendelea kupalilia. Hata siku ya tatu tumbo likawa gumu kama ubao. Mjomba alitafuta gari usiku ule ule tukampeleka hospitali kubwa, na madaktari walipompasua walikuta kidole tumbo kimepasuka, usaha umeenea tumboni, na maambukizi yamekwisha kuingia katika damu. Walimsafisha wakamshona, kisha wakamlaza katika chumba cha wagonjwa mahututi. Alikuwa na mpira uliopita kinywani mpaka katika njia ya pumzi, na mashine ikimpumulia. Mpira mwingine wa mkojo. Na dripu katika mshipa wa shingo.

Siku ya tano homa ilishuka. Mjomba alimpigia Mama simu, na kwa mara ya kwanza tangu tulipoondoka nilimsikia Mama akicheka.

Sasa nitasema jambo ambalo sijapata kumwambia mtu wa nyumbani. Katika chumba kile kila aingiaye hunawa kwanza. Siku ya sita nilipofika mlangoni bomba lilikuwa kavu na chupa ya spiriti ya mikono ilikuwa tupu. Muuguzi aliniambia, "Ngoja hapo, mwanangu, nakuletea nyingine," lakini kabla hajaenda aliitwa kwenye kitanda cha mgonjwa mwingine. Nilingoja kidogo, kisha nikaingia. Nilikuwa nimetoka kupanda bodaboda, nimekula maandazi njiani, nimeshika kila kitu. Nilimshika Baba mkono, nikamfuta mate pembeni mwa mdomo kwa vidole vyangu, nikaunyosha ule mpira uliokuwa umejipinda. Nilitoka najiona mtoto mwema sana.

Siku ya nane homa ilirudi. Makohozi waliyoyavuta kwa mashine yalikuwa mazito ya rangi ya kijani, na picha ya eksirei ilionyesha nimonia. Daktari alisema waziwazi kwamba nimonia hiyo aliipata humo humo hospitalini.

Mjomba alikasirika. Aliuliza inakuwaje mtu alazwe katikati ya dawa, na bado augue upya. Daktari yule, ambaye macho yake yalionyesha kwamba hakulala, alituketisha kwenye benchi akasema hivi: "Mzee, kwenu kuna sungusungu? Mwizi wa kwanza akiingia kijijini, wote hutoka mbio, wakampiga, na katika vurugu wakavunja hata milango ya wenyewe. Mwizi wa pili akija alfajiri huwakuta wengine wameumia, wengine wamelala."

Alitueleza kwamba kinga ya mgonjwa mahututi huwa namna hiyo. Kwanza huwaka kwa ukali hata ikaudhuru mwili wenyewe, kisha hulegea. Chembe nyeupe za damu hufa kwa wingi, na miongoni mwa zilizobaki ziko zisizoweza tena kuonyesha wenzake alama ya adui. Na wakati huo huo mpira wa pumzi, ambao bila huo Baba angalikufa usiku wa kwanza, unamzuia kukohoa, na vijidudu vya kinywani huteremka kandokando yake mpaka mapafuni. Ndiyo sababu wauguzi walikuwa wakiinua kitanda upande wa kichwa na kumsafisha kinywa. Mimi nilidhani ni unadhifu tu.

Maabara ilichukua siku mbili kuotesha makohozi, ikapata kijidudu kiitwacho Klebsiela. Mtu mzima wa afya huweza kuwa nacho tumboni siku zote asijue. Katika dawa walizozijaribu, mbili tu ndizo zilizokiua.

Nilimfuata daktari ukumbini, Mjomba asisikie, nikamweleza habari ya siku ya sita. Hakunikemea wala hakunifariji. Alisema kijidudu kile huenda kilitoka tumboni mwa Baba mwenyewe, au mkononi mwa muuguzi, au mwangu, au hata mwake yeye. Hakiandikwi jina la mwenyewe. Kisha aliniuliza, "Chupa ilikuwa tupu tangu saa ngapi?" akaenda kuitafuta nyingine.

Niliporudi shuleni nilisoma maktabani habari za daktari Semmelweis wa Vienna. Mwezi wa Aprili mwaka 1847, katika wodi yake ya wazazi, walikufa akina mama 18 hivi katika kila 100. Madaktari na wanafunzi walikuwa wakitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuwazalisha. Aliwaamuru wanawe kwa maji yenye dawa ya klorini, na mwezi wa Juni vifo vikawa 2 hivi katika 100. Wakubwa wengi walimpinga, maana ni vigumu kumwambia muungwana kwamba mkono wake umeua. Mimi naliwaelewa wakubwa wale kuliko nilivyotaka.

Baba alirudi nyumbani mwezi wa Februari, amekonda, na akipanda kilima cha shambani husimama mara mbili kuvuta pumzi. Mgonjwa wa kitanda cha pili hakurudi kwao. Gazeti hili humfikia Baba kila muhula, naye hulisoma lote, hata matokeo ya mpira. Likizo ikifika nitajua kama amefika ukurasa huu.