Jicho la Unyamwezi

Mwanafunzi wa sanaa za ufundi, akiisha kupita katika kuchora, kufinyanga na kuchonga, hukutana na somo lisilomtaka ashike brashi: utamaduni wa kuona. Humo haulizwi nani aliyechora vyema, bali nani anayetazama, nani anayetazamwa, na kitu kilipataje thamani machoni pa watu. Wengi huanzia Ulaya, maadamu ndiko vitabu vinakoanzia. Atokaye Tabora ana pa kuanzia karibu zaidi.

Kwihara, kilomita chache nje ya mji, lipo tembe alimokaa Livingstone hadi Agosti 1872, ambalo leo ni makumbusho. Kitabu cha Stanley kilichotoka mwaka huohuo kina picha nyingi za safari ile, zilizochorwa upya Ulaya kutokana na michoro yake. Mgeni ana uso na jina. Mpagazi, aghalabu, ni mgongo na mzigo. Hapo ni rahisi kuandika tasnifu ya malalamiko. Ni ya kweli, na imekwisha kuandikwa mara nyingi.

Lakini mizigo yenyewe, ikifunguliwa, ina habari nyingine. Ndani mlikuwa na merikani, kaniki, nyaya za shaba nyekundu na za shaba njano, na shanga. Stanley, alipokuwa akijitayarisha Unguja mwaka 1871, ilimbidi kwanza ajifunze kwa wafanyabiashara wa Kiarabu shanga zipi hupokelewa wapi. Nyeusi zilikuwa fedha Ugogo, na kwingineko hazikuwa na kazi. Nyeupe zilizofaa Ufipa zilidharauliwa Ukonongo. Zile kubwa za sungomaji zilitakiwa Ujiji, penginepo zikakataliwa. Mwenye kukosea rangi aliweza kulala njaa huku shehena yake imejaa.

Basi nani alikuwa akimtazama nani? Tajiri wa Unguja, wakala wa Bombay na fundi wa vioo wa Venice walilazimika kufuata jicho la mwanamke wa bara aliyezipeleka shanga mwangani, akazigeuza, akazirudisha. Msomaji wa mashairi wa pwani, anayejua shanga zilivyo na maneno yake kiunoni, hatashangaa kwamba na huko bara zilikuwa na lugha.

Wala tusilipambe jambo hili kupita kiasi. Bidhaa hizohizo zilinunua pembe, na zilinunua watu. Waliofungwa minyororo nao walikuwa na macho, na hakuna aliyewauliza rangi waipendayo. Tasnifu itakayosifu jicho la mnunuzi bila kufika hapo itakuwa imesimama nusu ya njia.

Sokoni Tabora leo, muuza kanga hufungua doti moja baada ya nyingine. Mteja hutazama pindo, akasoma jina, akatikisa kichwa. Doti inakunjwa, inarudi rafuni.